Ratiba ya Tasnifu Ianzie Mbwera, Si Maktabani

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika udaktari bingwa hupewa miaka 3 ya masomo, na ndani ya miaka hiyo hudaiwa mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi: kuhudumia wagonjwa wodini usiku na mchana, na kuandika tasnifu. Wodi haisubiri; tasnifu husubiri. Ndiyo sababu tasnifu huahirishwa hadi siku zinapobana, kisha hupangwa kwa haraka juu ya meza, kwa jedwali la miezi lenye vijisanduku vilivyopakwa rangi: mwezi huu mapitio ya maandiko, mwezi ule kibali cha maadili, miezi 2 ya kukusanya takwimu, mmoja wa kuchambua, mmoja wa kuandika. Jedwali hilo hupendeza machoni pa msimamizi. Kasoro yake ni kwamba limepangwa kana kwamba mahali pa utafiti hapana kalenda yake.

Mbwera inayo kalenda, tena kali. Kutoka Dar es Salaam barabara ya Kilwa humfikisha msafiri Kibiti; baada ya hapo ni kushuka pwani na kuingia botini kupita vijito vya mikoko. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko ulio mahali pamoja katika Afrika Mashariki, takriban hekta 53,000, na mwaka 2004 iliingizwa pamoja na Mafia na Kilwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Humo mto na bahari hushindana kila siku. Maji hujaa na kupwa mara mbili, na saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti baina ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hupita mita 3. Boti iliyochelewa hulala topeni na abiria wake.

Hilo walilijua hata wanajeshi. Manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika mikono ya delta hii tangu mwaka 1914, na meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa ufupi wa maji. Iliangamizwa Julai 1915, baada ya kuletwa Severn na Mersey, meli zilizoundwa kuelea katika maji mafupi. Manowari zilisubiri saa ya maji. Mtafiti mwenye mkoba wa madodoso hana sababu ya kudhani kwamba yeye hatasubiri.

Chukulia mwanafunzi anayetaka kujua iwapo maji ya kunywa yenye chumvi yanahusiana na shinikizo la juu la damu kwa wajawazito wa Mbwera. Ni swali zuri, na lina ndugu yake kwingine duniani. Katika eneo la Dacope, pwani ya Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwakuta wajawazito wakiwa na sodiamu nyingi mno katika mkojo, na ukaonyesha kwamba shinikizo la damu katika ujauzito lilionekana zaidi wakati wa kiangazi, maji yalipokuwa na chumvi zaidi, kuliko wakati wa mvua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku. Mwanamke anayekunywa lita 2 za maji yenye gramu 1 ya chumvi katika kila lita amekwisha kumaliza asilimia 40 ya kiasi hicho kabla hajaonja mboga. Muuguzi wa kliniki ya delta anayemwambia mama apunguze chumvi ya mezani, bila kuuliza maji ya kisima chake yana ladha gani, huenda anazuia mlango mdogo na kuuacha mkubwa wazi.

Sasa itazamwe ratiba. Mwanafunzi huyo hupata nafasi ya kutoka wodini mwezi Aprili, kwa kuwa ndivyo zamu zilivyoangukia. Anasafiri Aprili, anapima Aprili, anarudi Mei. Lakini Aprili ni masika. Mto umejaa, maji matamu yanaisukuma bahari nyuma, na watu wanakinga mvua kwenye mapaa. Chumvi anayoitafuta haipo mwezi ule. Ataandika kwa uaminifu kabisa kwamba hakukuta uhusiano wowote baina ya maji na shinikizo la damu, jopo la watahini litampitisha, na tasnifu itawekwa kwenye rafu. Miaka 6 baadaye mpangaji wa huduma atakayetafuta ushahidi wa kuchimba kisima kirefu Mbwera ataikuta sentensi hiyo, na ataamini kwamba jambo lilichunguzwa likaonekana halipo. Hakuna aliyedanganya. Zamu ya wodi ndiyo iliyojibu swali la kisayansi.

Hapo ndipo penye hoja ya makala haya. Muda wa kukusanya takwimu si jambo la utawala linalojazwa mwishoni mwa andiko la utafiti baada ya mbinu kukamilika. Muda ni sehemu ya mbinu. Msimamizi anayesahihisha alama za uandishi na kupita jedwali la miezi bila kuuliza “kwa nini mwezi huu?” ameacha kosa kubwa akafuata dogo.

Kosa la pili huwa katika hesabu ya sampuli. Fomula inayofundishwa katika madarasa ya takwimu, kwa kuchukua kiwango cha asilimia 50 na ukingo wa makosa wa asilimia 5, huleta jibu la watu 384. Namba hii imezoeleka kiasi kwamba huandikwa kabla ya kuuliza kijiji kina watu wangapi. Ikiwa kituo kinahudumia watu 3,000, na wajawazito wakikadiriwa kuwa 4 kwa kila watu 100 kwa mwaka, basi mwaka mzima utaleta wanawake 120, yaani wapya 10 kwa mwezi. Miezi 2 ya jedwali italeta 20. Hata akiwahesabu wote waliokuwa wajawazito siku alipofika, atazidi mia kidogo tu. Kuwafikia 384 kijijini hapo kutachukua zaidi ya miaka 3, muda unaopita masomo yenyewe. Mwanafunzi hugundua hayo akiwa tayari amelipia boti, na hapo ndipo vigezo vinapoanza kulegezwa kimyakimya: wanaingizwa waliojifungua, wanaongezwa wa kijiji kingine chenye maji tofauti, na anayesoma matokeo hajui tena anasoma habari za nani.

Njia zipo, ila zinataka kufikiriwa mapema. Swali linaweza kupunguzwa. Wanawake wachache wapimwe kwa uangalifu, kundi moja mwishoni mwa kiangazi na jingine baada ya masika. Yalinganishwe makundi ya wenye umri sawa wa mimba, kwa kuwa shinikizo la damu lenyewe hushuka katikati ya ujauzito na kupanda tena kuelekea mwisho. Anayempima mama yule yule katika wiki ya 20 na ya 36, kisha akadai tofauti ni ya chumvi, atakuwa amepima mimba wala si maji. Au mwanafunzi afungue kumbukumbu za MTUHA, Kitabu Namba 6, ambamo wakunga wameandika vipimo vya wajawazito mwezi kwa mwezi bila kusubiri mtafiti. Ataona kurasa zilizolowa na safu zilizoachwa wazi siku ambazo mashine ilikosa betri. Hayo nayo ni matokeo. Ila asichanganye miaka yote katika chungu kimoja: Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mto ulio chini yake hauwezi kudhaniwa kuwa ndio ule ule, Aprili 2024 mafuriko yaliwahamisha watu wa Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei mwaka huo kimbunga Hidaya kikapiga pwani hiyo hiyo. Takwimu za miezi kama hiyo zahitaji maelezo yake pembeni.

Upo pia ugumu mdogo unaoonekana kama wa safari, kumbe ni wa tiba. Shinikizo la juu la damu katika ujauzito halithibitishwi kwa kipimo kimoja. Kipimo kikifika 140/90, kinarudiwa baada ya saa 4 au zaidi. Mtafiti aliyeingia Mbwera na maji yanayojaa, naye anataka kutoka kabla hayajakupwa, hana hizo saa 4. Atawaandika wenye wasiwasi wa kupimwa na mgeni pamoja na wagonjwa wa kweli. Kwa hiyo bajeti iwe na malazi ya kijijini, wala yasiitwe anasa na ofisi inayokagua matumizi.

Zito kuliko yote ni la kipimo kinachotisha. Mama akikutwa na 160/110, huyo si namba ya jedwali. Yuko karibu na kifafa cha mimba, kiharusi au kifo. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu, hivyo dawa ya kumkinga inajulikana. Je, ipo kituoni siku hiyo? Ipo dawa ya kushusha shinikizo? Nani ana boti, nani atalipia mafuta, na maji yatakuwa yamejaa saa ngapi ili afikishwe hospitali? Maswali haya yajibiwe katika andiko la utafiti kwa saa na kwa kiasi cha fedha, na kamati ya maadili isipitishe andiko linalosema tu kwamba “washiriki wenye matatizo watapewa rufaa”. Rufaa kutoka Mbwera si karatasi. Anayempima mtu na kumwambia ana hatari, kisha akapanda boti na kumwacha pale pale, amemwongezea hofu bila kumpunguzia ugonjwa.

Kalenda ya wenyeji nayo ina neno. Katika mabonde ya mpunga ya Rufiji, kilimo huhamisha familia. Mpunga unapoota, na baadaye unapokomaa, watu hukaa mashambani katika madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Mtafiti anayepita nyumba kwa nyumba msimu huo hukuta wazee, wagonjwa na wanaokaribia kujifungua. Akikokotoa kiwango cha ugonjwa kutokana na waliobaki, atapata kijiji kigonjwa kuliko kilivyo. Muuguzi wa kituo angemweleza hayo kwa simu ya dakika 5, lakini kwa kawaida muuguzi hupigiwa simu wakati kibali kimekwisha kutoka na mbinu haziwezi kubadilishwa tena bila kurudi kwenye kamati. Huu ni mpangilio uliogeuzwa kichwa chini. Mtu wa kwanza kushauriwa awe yule anayefungua kliniki kila asubuhi. Na ikiwa ushauri wake umebadilisha utafiti, jina lake lionekane kwenye kazi kwa daraja linalostahili, lisizikwe katika orodha ya shukrani baina ya madereva na wapishi.

Vibali navyo vifuatwe hatua zote: kamati ya maadili ya chuo au Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kisha mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, serikali ya kijiji. Wanafunzi wengi huona mlolongo huu kuwa usumbufu. Kibiti hapaswi kuuona hivyo mtu yeyote. Kati ya mwaka 2016 na 2017 wilaya hii na jirani zake zilipita katika mauaji ya viongozi wa vijiji na askari, na watu walijifunza kumwogopa mgeni anayeuliza nani anaishi nyumba gani. Dodoso linaloanza kwa jina, umri, kazi na idadi ya watu wa kaya si karatasi ya kawaida mahali palipopata msiba wa namna hiyo. Mwenyekiti wa kitongoji akitangulia, mtafiti hukaribishwa kwa jamvi. Asipotangulia, majibu yatakuwa ya adabu tu.

Wapo wasimamizi watakaosema kwamba tasnifu ni zoezi la kujifunzia, na kwamba mwanafunzi mwenye miezi michache achukue mafaili ya hospitali ya rufaa, ayahesabu, amalize. Ushauri huo una haki yake. Tasnifu si mtihani wa kuvumilia mbu, na swali linalojibika kwa mafaili ya Muhimbili lijibiwe Muhimbili. Lakini anayefika hospitali ya rufaa ni yule aliyepata boti. Yule asiyepata hayumo katika faili lolote, na elimu ya ubingwa inayojengwa juu ya mafaili peke yake humfundisha daktari kuona nusu ya nchi. Uamuzi wa kwenda Mbwera au kutokwenda ufuate swali, usifuate uvivu wala ushujaa.

Kuhusu uandishi wenyewe, machache yatosha. Majedwali ya matokeo yachorwe matupu kabla ya safari: safu zipi, mistari ipi, kipi kitalinganishwa na kipi. Jedwali lisiloweza kuchorwa likiwa tupu halitajazika likiwa na takwimu, na swali la dodoso lisilopeleka jibu katika jedwali lolote lifutwe, maana linamla mshiriki muda wake bure. Sura ya mbinu iandikwe wakati wa kazi, siku kwa siku, ikieleza na siku ambayo boti ilikwama. Ikiachwa hadi mwaka wa mwisho, kumbukumbu hunyoosha kila kilichopinda. Nakala za takwimu zihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja, bila majina ya washiriki, na moja isiwemo katika boti ile ile inayobeba nyingine. Mapitio ya maandiko yasiishie kwenye majarida ya ng'ambo. Rufiji imeandikwa sana: kitabu cha Kjell Havnevik cha mwaka 1993, makala ya Duvail na Hamerlynck ya mwaka 2007 iliyouliza kama mafuriko ya Rufiji ni balaa au neema, ripoti za kituo cha ufuatiliaji wa kaya. Mwanafunzi wa tiba akizisoma atajua msimu wa mto kabla hajapanga zamu.

Wingi huo wa maandiko unaleta swali lisilopendeza. Watu wa Rufiji wametoa mengi kwa sayansi. Kampeni ya kumeza dawa za matende na mabusha ilianza nchini mwaka 2000 kisiwani Mafia, ng'ambo tu ya delta, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulieleza hali ya Rufiji baada ya awamu 12 za kumeza dawa hizo. Vimelea vya ugonjwa huo huzunguka katika damu usiku, na kwa miaka mingi pwani hii watu wameamshwa usizingizini watobolewe kidole. Aliyetoa tone hilo ana haki ya kusikia lilisema nini. Azimio la Helsinki, lililopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linataka washiriki wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla ya utafiti. Kwetu sharti hilo hutimizwa kwa nakala ya tasnifu, yenye jalada gumu na lugha ya Kiingereza, kupelekwa ofisi ya wilaya. Wagonjwa wanaosoma jarida hili wanaweza kumuuliza mtafiti, kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, maswali mawili tu: utarudi lini, na utatuambia kwa lugha gani? Asiye na jibu bado hajamaliza kupanga.

Chuo kinaweza kuliweka jambo hili katika kanuni bila gharama kubwa: tasnifu isipokelewe bila kurasa 2 za Kiswahili zinazoeleza nini kiliulizwa, nini kilionekana na nini hakikujulikana. Kwa mfano wetu wa Mbwera, kurasa hizo zitaje visima kwa majina yanayotumiwa na wenyeji, na miezi ambayo kila kimoja huwa chumvi, ili mkunga azibandike ukutani juu ya meza ya kliniki na kumshauri mama achote wapi kiangazi. Nauli ya safari ya kuzirudisha iandikwe katika bajeti ya kwanza na itengwe kabla ya fedha za kalamu na karatasi, kwa sababu kilichopangwa mwisho ndicho hukatwa kwanza. Mtafiti azisome mwenyewe mbele ya mkutano wa kijiji, na tarehe ya mkutano ichaguliwe kwa kuangalia mwezi, ili wanawake wa vitongoji vya ng'ambo wapate maji ya kuja nayo na maji ya kurudi nayo.